Ukipewa Pishi, Uliza na Linavyoharibika

Hotuba ya mwalimu mstaafu wa sayansi kimu mbele ya wapishi wa majumbani, Ngamiani, Tanga

Assalaam alaykum. Bwana Yesu asifiwe. Na wale wa salamu ya kawaida, hamjambo?

Mama zangu, dada zangu, na nyinyi wanaume mliojibana kule nyuma kama mmekuja kuposa, sogeeni mbele, hapa hakuna mkwe. Nimeombwa niseme machache kabla ya kula. Anayemwomba mwalimu mstaafu aseme machache amejitakia mwenyewe.

Nimepita kwenye meza moja baada ya nyingine. Nimeona makande ya watu wa Lushoto, mbaazi za nazi, bada na mchuzi wa papa, futari ya muhogo, kisamvu, pilau la nyama lenye viazi vizima, pweza wa nazi na samaki wa kupaka. Hivi ni vyakula vya mtu aliyeshinda shambani au bandarini, akila hahitaji kuulizwa tena mpaka kesho. Na kila niliyemuuliza amenipa pishi lake bila choyo: nazi ngapi, kitunguu kipi, thomu kiasi gani. Lakini nilipouliza, "Na linaharibikia wapi?", wengi walicheka wakatazama pembeni.

Hilo ndilo ninalotaka tuliongee leo. Sisi wa Tanga tuna sifa ya kujua kupika, na sifa hiyo ina gharama yake: hakuna anayetaka kuonekana ndiye aliyeunguza. Binti anaolewa akiwa na mapishi yote ya mama yake kichwani, na hajui hata moja likianza kwenda kombo linaonekanaje. Siku sufuria inapomgeuka anapiga simu kwa mama yake ananong'ona, mama mkwe asisikie.

Mtazameni bibi akipika. Anaonja, anasogeza sufuria pembeni, anatoa kaa moja, anafunua kidogo, anafunika tena. Ukimwomba akueleze pishi, hayo yote hayasemi. Kwake si sehemu ya pishi, ni mkono tu. Kumbe nusu ya pishi iko humo. Mpishi mzoefu naye vyakula vyake huanza kuharibika kila siku, ila anavisahihisha mapema, kabla hata yeye mwenyewe hajatambua kwamba anasahihisha. Anayejifunza anapewa viungo na vipimo, na ule ufundi wa kuokoa haambiwi.

Tuanze na tui, maana bila nazi nusu ya meza hizi zingebaki tupu. Tui ni maji na mafuta, na kinachoyashika yakae pamoja ni protini ya nazi yenyewe. Joto likikaribia nyuzi 80, protini ile huanza kuganda na kuyaachia mafuta. Ukiliacha tui lichemke kwa fujo, limefunikwa, bila kukorogwa, utafunua ukute mabonge meupe yanaelea juu ya maji. Limekatika. Ndimu, ukwaju na nyanya mbichi huliharakisha, na chumvi nyingi nayo haisaidii.

Sasa ndipo mtaelewa kwa nini bibi anatia tui la pili kwanza, lile jepesi, apikie nalo, na tui zito analiweka mpaka mwisho. Akishalitia, anateka kwa upawa na kumwaga, anateka na kumwaga, mpaka litokote polepole, na kifuniko hakigusi. Ukwaju unaingia moto ukiwa umeshushwa. Hakukuambia sababu, lakini kila hatua ina sababu yake. Dada mmoja wa Chumbageni amenieleza leo, kwa ujasiri nilioupenda, kwamba alikamulia ndimu kwenye tui linalotokota na mgeni yuko sebuleni. Mchuzi ukawa kama maziwa mgando, naye akaumwaga wote, na samaki changu humo humo.

Dada yangu, ule mchuzi ulikuwa unalika. Tui lililokatika limeharibika sura, ladha ipo pale pale. Likikutokea, epua. Acha joto lipungue, tia upawa wa tui zito jipya, koroga taratibu. Au koroga kijiko cha unga wa mchele kwenye maji baridi, utie, urudishe kwenye moto mdogo. Halitarudi lote kuwa laini kama mwanzo, ila mgeni hatajua. Tena kwenye kisamvu sisi wenyewe tunangoja mafuta yajitenge, ndipo tunasema kimeiva. Kwa hiyo kosa la kwenye chungu hiki ni ufundi kwenye chungu kingine, na mwanafunzi asipoambiwa tofauti hiyo atabaki anababaika.

Neno dogo kuhusu tui la pakiti. Mengi yana vitu vilivyotiwa kiwandani vya kulishikilia lisikatike upesi. Ni zuri kwa haraka. Lakini aliyejifunzia humo akishika mbuzi ya kukunia na kifumbu cha kuchujia siku ya shughuli, atashangaa nazi halisi inavyodai heshima.

Nije kwenye jiko lenyewe. Mwaka 2024 serikali ilizindua Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, na lengo ni asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati safi ifikapo 2034. Mimi ninaunga mkono, maana macho yangu yamekula moshi wa kutosha. Lakini mapishi tuliyorithi yalitungwa kwa makaa, na hakuna aliyeketi kuyahamisha. Bibi yako alipalia wali: makaa machache chini, makaa juu ya kifuniko, mvuke unazunguka humo ndani. Leo una jiko la gesi na sufuria nyembamba ya alumini. Moto wote uko katikati chini, juu hakuna kitu. Wali unaungua kitovuni na ule wa juu una kiini. Halafu tunasema msichana hajui kupika! Msichana amefuata pishi neno kwa neno. Moto ndio si ule.

Ukihamia kwenye gesi, tafuta sufuria yenye kitako kizito. Kama huna, weka kikaango cha chapati juu ya moto na sufuria juu yake, joto lisambae. Maji yakishakauka usoni, punguza moto mpaka ukaribie kuzimika, weka kitambaa safi chini ya kifuniko, ncha zake uzifunge juu zisishike moto. Kisha zima, na usifunue kwa dakika kama kumi. Pale ndipo wali unapojimalizia wenyewe, na pale ndipo wenye haraka wanapouharibu. Wenye vyungu vya udongo, gesi kali ya ghafla huvipasua, kwa hiyo navyo viwekeeni kitu cha kutawanya joto na muanze na moto mdogo. Na mwenye kuona gesi haimtoshi kupalia, akaingiza jiko la mkaa ndani ya chumba kilichofungwa, namwomba asifanye hivyo kabisa. Hewa ya kaboni monoksidi inayotoka kwenye mkaa haina harufu wala rangi, na inaua watu wakiwa wamelala.

Wali ukishaungua je? Sekunde za kwanza ndizo zitakazouokoa au kuumaliza. Usikoroge. Usitie maji, maana mvuke utapandisha harufu ya kuungua mpaka juu. Epua, teka ule wa juu kwa upole uuhamishie chombo kingine, ukoko uuache ulipo. Ukoko wa rangi ya dhahabu watoto wataugombania. Mweusi autazame mwosha vyombo.

Sasa maharage na makande, na hapa nina la kusema na watu wa pwani hasa. Mara ngapi mmenunua maharage, mkayachemsha kutwa, mkaa ukaisha, nayo bado yanagongana? Tunamlaumu muuzaji, na pengine ni kweli ametuuzia ya zamani. Lakini maharage yaliyokaa muda mrefu kwenye joto na unyevu hubadilika ndani, yakawa hayalainiki tena vizuri. Tanga yetu ina joto na ina unyevu. Gunia lile lile likikaa Lushoto kwenye baridi litapikika vizuri zaidi kuliko likikaa Makorora chini ya bati. Basi nunueni kidogo kidogo, mhifadhi kwenye chombo kikavu kinachofunga. Yalowekeni usiku kucha, maji yale mmwage.

Nyanya na ukwaju viingie maharage yakishalainika, kwani uchachu huyazuia kulainika. Maji ya kisima yenye chumvichumvi nayo huyakaza, kwa hiyo mkipata maji laini ya mvua, yatumieni kwa kazi hiyo. Wapo wanaotia magadi. Magadi yanalainisha kweli, lakini yanaharibu vitamini B1 iliyomo, na yakizidi unakula sabuni. Mimi natia ya kushika kwa vidole viwili, tena kwa makande tu, na najua watu wa milimani wataniambia hata hayo ni mengi.

Kuna jambo moja kwenye maharage ambalo si la ladha. Maharage mabichi, hasa mekundu, yana sumu ya asili inayoleta kutapika na kuharisha. Inaharibiwa na mchemko wa kweli, wa kububujika, dakika zisizopungua kumi. Moto wa vuguvugu hauitoshi, na unaweza hata kuizidisha makali. Nayasema haya kwa sababu sasa wengi mmeanza kutumia kapu la kuhifadhi joto, mnachemsha kidogo, mnafunika, mnaenda kazini. Ni njia nzuri inayookoa mkaa na gesi. Ila kabla hujaingiza sufuria kapuni, yachemke kwa nguvu hizo dakika kumi kwanza. Aliyeanzisha somo la kapu mtaani kwetu alisahau kulisema hilo, na nyumba nzima ikashinda na matumbo.

Pweza sitamsema sana, watu wa soko la samaki la Deep Sea wako hapa wataniumbua. Nasema moja tu: pweza anapitia ugumu kabla ya kulainika. Anayemwepua katikati kwa hofu kwamba "amezidi kuiva" ndiye anayetafuna raba. Mchemshe kwa moto mdogo kwenye maji yake mwenyewe, bila chumvi, endelea mpaka uma uingie bila kusukumwa. Nazi baadaye. Ukimlaza kwenye friza kabla, barafu inakufanyia kazi ya kumpigapiga kwenye jiwe.

Chumvi ikizidi kwenye mchuzi, kila mtu atakwambia tia kiazi kitakachonyonya chumvi. Kiazi hakina akili ya kuchagua chumvi. Kinanyonya mchuzi ulivyo, chumvi na maji yake, na mchuzi uliobaki una ukali ule ule. Kilichosaidia ni kwamba uliongeza maji ukiwa unakichemsha. Ongeza kitu kisicho na chumvi: tui la pili, maharage zaidi, ndizi mbichi. Chakula kitakuwa kingi, mpelekee jirani.

Nimesema vya kuokoa. Sasa vya kumwaga, na hapa sitanii. Tumelelewa kuamini kwamba moto unaua kila kitu, na hilo ndilo kosa la jikoni linaloniogopesha kuliko wali kuungua.

Chukua jodari au vibua waliokaa juani bila barafu. Wadudu wasioonekana hutengeneza histamini ndani ya minofu, na hakuna kukaanga wala kuchoma kutakakoiondoa. Mtu anakula samaki ananukia vizuri, ulimi unawasha kidogo kama kuna pilipili, kabla saa haijaisha uso umekuwa mwekundu, kichwa kinagonga, vipele mwilini. Anasema ana mzio wa samaki. Kumbe samaki alikosa barafu. Kosa hili limefanyika sokoni kabla wewe hujawasha jiko, kwa hiyo pishi la jodari lianze na kumtazama muuzaji: je, ana barafu?

Kiporo tunakipenda sote, wali wa jana na chai asubuhi. Lakini kuna bakteria wa mchele ambaye mbegu zake haziuliwi na kupika. Wali ukilala kwenye sufuria usiku mzima kwa joto letu hili, zinaamka, zinatoa sumu, na sumu ile ukiipasha moto asubuhi haitoki. Wali wa nazi ndio unaochacha upesi zaidi. Mliobakiza, utandazeni kwenye sinia upoe haraka, uingie kwenye friji ndani ya saa mbili. Usiye na friji, pima wa kutosha wa usiku, na ukibaki wapewe kuku.

Muhogo. Muhogo mchungu una kitu kinachogeuka kuwa sianidi, na wazee waliujua, ndiyo maana waliuloweka siku tatu na zaidi, wakauanika, wakapata makopa ya bada. Wilayani Tarime mwaka 1985, katika ukame, watu walifupisha kazi ile kwa njaa, na baadhi wakapooza miguu ghafla. Ugonjwa huo unaitwa konzo na hauponi. Kwa hiyo bibi anapokataa unga wa makopa ya haraka haraka, asionekane mgumu. Kwenye futari tumieni muhogo mtamu mnaoujua ulikotoka. Na kisamvu kitwangwe kweli kweli, kichemshwe wazi bila kifuniko, mvuke utoke na ubaya wake, ndipo nazi iingie. Anayefunika kisamvu ili kiive upesi anajifungia kile alichotakiwa kukifukuza.

Mahindi na karanga zilizoota ukungu, kuzichambua na kuzikaanga hakutoshi, sumukuvu, yaani sumu ya ukungu huo, inavumilia moto. Mwaka 2016 iliua watu Dodoma na Manyara. Na Machi 2024, ng'ambo yetu hapo, kisiwa cha Panza huko Pemba, watoto 8 na mtu mzima mmoja walikufa baada ya kula nyama ya kasa. Walioipika hawakukosea kuipika. Nyama ya kasa wakati mwingine ina sumu ambayo hakuna mapishi yanayoitoa, na kasa mwenyewe analindwa na sheria. Bunju, yule samaki anayejivimbisha, ni hivyo hivyo. Kwa vitu hivi hakuna pishi wala mpishi hodari.

Ninaona mama mwenye pilau ananitazama vibaya, nyama yake inapoa. Nakaribia.

Nina ombi. Wengi mmekuja na madaftari. Mnapoandika pishi la mwenzenu, acheni nusu ukurasa chini, muulize: likianza kuharibika linanukaje, linalia vipi, lina rangi gani? Linaokolewaje, na lini haliokoleki tena? Ulipika kwenye jiko gani, sufuria gani, kikombe chako kinaingia maji kiasi gani? Maana "nazi mbili" ya Pangani na "nazi mbili" ya vile vinazi vya mwisho wa msimu hazitoi tui sawa. Na wanaume mnaojifunza sasa, mmekuja na faida moja: hakuna aliyewajengea sifa ya kulinda, kwa hiyo mnauliza bila aibu. Kijana mmoja ameniuliza kwa nini hamira yake haiumuki hata mara moja, nikamuuliza tui alilitia likoje. Limetoka jikoni, linachemka. Ameipika hamira. Tui liwe vuguvugu, kidole kikae humo bila kukimbia. Wapo wanawake hapa wamekuwa na tatizo hilo miaka, na wametupia lawama duka.

Na kwa kuwa tumefika kwenye hamira, nimalizie na ugomvi ambao siuwezi peke yangu. Mama wa Mwambani anasema vitumbua bila konzi ya wali uliopikwa, ukasagwa pamoja na mchele uliolowekwa, havilainiki ndani. Kijana wa Makorora anasema huo wali ndio unaofanya vitumbua vinywe mafuta, na kwamba mchele ukilowekwa usiku kucha na kusagwa laini sawasawa hauhitaji msaada. Mimi nadhani vinavyokunywa mafuta ni vile vinavyomiminwa kwenye vikaango ambavyo havijapata moto vizuri, lakini wote wawili wamenikatalia, na wote wawili wamekuja na rojo na jiko. Basi vikaango viwashwe pale pembeni wakati sisi tunapakua. Mama, wewe ni mkubwa, shika kipaza sauti kwanza, utueleze konzi yako ni kubwa kiasi gani.